Miaka Kumi na Miwili Bila Pengo

Kituoni, 9 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na Mama mzima, na ule mlango wa jikoni unaolia umeshatiwa mafuta. Mimi ni mzima isipokuwa magoti. Miaka arobaini na mitatu ya kwangu yote imehamia magotini, na kila ngazi ya meli siku hizi naipanda huku nanung'unika kama bibi harusi aliyelazimishwa.

Umeniomba nikueleze tena kazi yangu kwa maneno ya kueleweka, maana jirani yenu bado anaamini mimi ni daktari wa samaki. Mwambie hivi. Bahari haitulii mahali pamoja. Kuna mkondo mkubwa ambao maji yake ya moto hupita juu kwenda upande wa baridi. Yakifika huko yanapoa, yanakuwa mazito, yanazama, halafu yanarudi chinichini taratibu. Mkondo huo ndio unaogawa joto duniani. Ukilegea, mvua zinahama njia zake na watu wanabaki kuulizana mbona msimu haueleweki. Sasa sisi tumezamisha kamba tano ndefu. Chini kila moja imefungwa kwenye magurudumu chakavu ya treni, ndiyo nanga, juu ina maboya ya kuisimamisha, na katikati kuna vyombo vinavyopima joto, chumvi na mwendo wa maji kila nusu saa. Baada ya mwaka na kitu tunakwenda na meli, tunavitoa, tunasoma. Kwa kifupi mimi ni msoma mita kama ulivyokuwa wewe, ila mita zangu ziko kilomita nne chini ya maji, na wewe ulikuwa unafukuzwa na mbwa.

Habari kubwa ni kwamba ripoti yetu imekamilika. Mkuu wa kituo ameipenda mpaka akalitunga jina la jalada mwenyewe: Miaka Kumi na Miwili Bila Pengo. Septemba nitaisoma mbele ya mkutano, watu wazito watupu. Nimeshanunua koti. Linanibana, lakini nimeambiwa nikikaa bila kupumua linapendeza.

Kabla sijasahau, Mjomba, jambo dogo tu la kupoteza muda. Ulipokuwa kazini, ukikuta geti la mtu limefungwa na mita iko ndani, ulikuwa unafanyaje? Nimesahau.

Naona pia umenunua kalamu nene. Msalimie Mama sana.

Mpwa wako


Nyumbani, 2 Machi

Mpwa wangu, Msoma Mita wa Chumvi,

Marahaba. Sisi wazee wawili chini ya paa moja hatujambo. Mama yako ameanza mazoezi. Kila asubuhi anashika chupa ya maji kila mkono na kuzunguka ua, gwaride la mtu mmoja, na mimi ndiye mgeni rasmi kwenye kiti cha plastiki. Mlango nimeutia mafuta kama ulivyoagiza. Bahati mbaya nimeutia wa chumbani. Huo sasa unafunguka kwa kupuliziwa, na wa jikoni unaendelea kulia.

Juzi nimechekesha mtaa. Nilimkuta jirani amesimama uani kwao, nikamsalimu, nikamuuliza habari za watoto, nikamlaumu kwa kunikalia kimya. Kumbe ni koti lake kwenye kamba ya nguo. Mama yako alicheka mpaka akakaa chini. Miwani yangu niliikalia, ndiyo sababu, usianze.

Unaniuliza habari ya geti lililofungwa, unasema umesahau. Wewe? Likizo zote za shule ulikuwa nyuma ya baiskeli yangu umeshika kalamu nyekundu. Haya, nitajifanya naamini. Kanuni ilikuwa moja. Unagonga mara tatu. Kukiwa kimya, unatazama miezi mitatu iliyopita, unachukua wastani, unauandika, na pembeni unaweka herufi K kwa wino mwekundu. K ya kukadiria. Maana yake hapa sikuona kwa macho, nimebuni kwa akili, na atakayekuja baada yangu agonge tena.

Wakubwa hawakuipenda K. Mwenye K nyingi aliitwa ofisini akaulizwa miguu yake imeajiriwa na nani. Mimi mwaka mmoja nilifunga daftari bila K hata moja, ndio nikapewa ile saa ya ukutani iliyoko sebuleni. Hayo tuyaache.

Kwa nini unauliza?

Mjomba wako


Kituoni, 20 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Nilikuwa baharini wiki tatu, na meli yetu haina sanduku la posta. Nimerudi salama, nimepungua kilo nne. Unajua siri yangu: mtaalamu wa bahari ambaye bahari inamtapisha. Nina ndoo yangu rasmi melini, wameiandika DAKTARI kwa rangi, na siku ya kwanza ya kila safari mabaharia huiweka mlangoni kwangu kwa heshima zote.

Safari ilikwenda vizuri. Yule fundi wa winchi niliyekusimulia bado yupo, miaka ishirini anavuta kamba baharini, na maneno anayatoa kama yanakatwa kwenye mshahara wake. Tulipita mahali ilipokuwa kamba yetu ya nne, ile ya zamani. Akaniuliza kama hatuna kitu chetu hapo chini. Nikamwambia hesabu za kamba hiyo zilishafungwa. Akaenda kuifunika winchi yake turubai. Hakuna zaidi. Ni vile tu nimekumbuka.

Sasa tuje kwako. Mjomba, usinikasirikie. Nimetoa barua zako zote kwenye droo, ziko kumi na moja, nikapima urefu wa herufi zako kwa rula. Ndiyo elimu mliyonisomesha, ndipo ilipofikia. Miaka mitatu iliyopita zilikuwa milimita tatu. Mwaka jana zikawa tano. Hii ya Machi ni nane. Nikiuendeleza mstari, kufika mwakani utakuwa unaandika neno moja kwa kila ukurasa, na posta watakuomba ulete lori. Tena mistari yako inateremka kulia, yote, kama inakwenda kutafuta kitu chini ya meza.

Kuna koti ulilolisalimu. Kuna mlango ulioutia mafuta. Mimi kazi yangu ni kutazama mabadiliko ya polepole ambayo aliye ndani yake hayaoni. Macho yako yana nini? Nenda kwa daktari wa macho, tafadhali, wa kweli, si kama mimi.

Habari ya geti nilikuwa nauliza tu.

Mpwa wako


Nyumbani, 11 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Wote wazima.

Macho yangu ni ya kwangu na hayajakushtakia. Kalamu ni nene. Meza imeinama. Umesomeshwa ili ukapime bahari, si mjomba wako.

Na kwa kuwa umeanza kupima watu, na mimi nikupime. Barua mbili umetaja geti, na mara zote mbili ukasema ni swali tu. Barua moja umetaja kamba ya nne, ukasema umekumbuka tu. Nimesoma mita miaka thelathini na moja. Mtu anayelizunguka geti bila kuligonga namjua hata kwa nyayo.

Mama yako anasalimia. Chupa moja imepasuka, sasa anafanya gwaride upande mmoja.

Mjomba wako


Kituoni, 30 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Barua hii nimeianza mara nne. Tatu nimezichana, na mfagizi wa ofisi ameniuliza kama nina uchumba.

Haya, nagonga. Miaka miwili iliyopita tulikwenda kuitoa kamba ya nne. Namna yake ni kwamba unateremsha kifaa kinachopiga mlio majini, kule chini ndoano inausikia, inaachia nanga, na maboya yanapanda na kila kitu. Tulipiga mlio siku mbili. Kimya. Fundi wa winchi akasema tubaki tuikokote kwa kulabu, hata siku tatu, alikuwa na hakika ataipata. Mimi ndiye niliyekuwa kiongozi wa safari. Nikasema hapana, hali ya bahari si nzuri, ni hatari. Watu wakanisikiliza kwa sababu nina shahada tatu.

Hali ya bahari ilikuwa ya kawaida, Mjomba. Hali mbaya ilikuwa ya tumbo langu. Nilitoa amri ile nimekumbatia ndoo. Nilitaka nyumbani.

Kamba ikabaki chini na miezi kumi na minne ya vipimo ndani yake. Tukaweka mpya pembeni yake, tukarudi, na vipimo vyake vya mwaka wa kwanza vilipopatikana nikachukua wastani wa mwaka wa kabla na mwaka wa baada, nikajaza. Si dhambi, hata wakubwa wangu hukadiria, mradi useme. Na nilisema. Niliweka alama ya nyota pembeni ya kila namba niliyoijaza. Baadaye nikawa nalihamisha jedwali kwenye ripoti, zile nyota zikawa zinaharibu sura yake, zinasukuma safu, nikaziondoa kwa muda. Nilikuwa nizirudishe nikimaliza. Kabla sijamaliza, mkuu wa kituo akaliona, akasema jamani, miaka kumi na miwili bila pengo, akaliandika juu ya jalada. Akaita watu waje waone. Nikapigiwa makofi, Mjomba, na mimi nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu, mnafiki mkubwa.

Kamba ya nne ndiyo inayopima maji ya baridi yanayorudi. Ukiiondoa, hatuna haki ya kusema chochote kwa uhakika kuhusu miezi ile. Nikisema, ripoti inaondolewa, mkuu anaaibika, na wanaotulipia meli wanaweza kuzikata kamba zote. Watu tisa kazini, mimi wa kumi. Nisiposema, Septemba nitasimama na koti langu linalonibana na kutamka hayo maneno kwa kinywa changu. Maji yamenifika shingoni, na kwa mtu wa kazi yangu ni aibu.

Usimwambie Mama.

Mpwa wako


Nyumbani, 19 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Samahani kwa karatasi nyingi. Ukurasa mmoja siku hizi unanitosha mistari saba.

Kwanza, habari mbaya. Mama yako anajua. Tangu mwaka jana barua zako ananisomea yeye. Zote, hata ile ya rula. Hii ya Juni alipofika kwenye ndoo alicheka, alipofika kwenye nyota akaanza kusoma polepole, na alipofika kwenye "usimwambie Mama" akaisoma hivyohivyo kwa sauti, akaikunja, akaenda kuzunguka ua bila chupa. Amepika vizuri kuliko kawaida, sijui maana yake.

Kwa hiyo ndiyo, macho. Naona dunia kama mtu aliye ndani ya chumba chenye mvuke. Sikwenda kwa daktari kwa sababu nilijua ataniambia namba, na mimi namba naziogopa, nimeishi nazo. Hii naandika mwenyewe, kwa kupapasa ukingo wa karatasi, kwa sababu ninayotaka kukuambia Mama yako hajawahi kuyasikia.

Unaikumbuka nyumba ya geti la bluu, mwisho wa mtaa? Mwenyewe alisafiri. Miezi kumi na moja geti limefungwa. Daftari langu mwaka ule lilikuwa safi, kila nyumba imesomwa, imebaki ile tu. Nikaona nikiweka K nitaharibu. Nikawa kila mwezi naandika namba ya kubuni, bila K, bila kugonga. Mwisho hata baiskeli sishuki. Napita nimeegemea usukani, naandika, naenda.

Bomba lilikuwa limepasuka chini ya sakafu. Mita ilikuwa inazunguka kama kichaa mle ndani, na mimi nimeandika kila kitu shwari. Disemba nikapewa saa. Januari ukuta wa nyumba ya pili ukaanguka. Ni yule mshonaji, unamjua. Chumba chake cha kazi chote, cherehani, magauni ya watu, mchana kweupe. Alikuwa ametoka kununua uzi. Angekuwa na uzi wa kutosha siku ile, ningekuwa nimeua mtu. Miaka ishirini na sita naufikiria huo uzi.

Walipokuja wakaguzi wakaomba daftari langu. Wakaona matumizi ya maji ya kawaida miezi yote, wakasema bomba limepasuka juzijuzi tu, haliwezi kuangusha ukuta. Mshonaji akaambiwa msingi wake ulijengwa vibaya. Mimi nilikuwa nimesimama pale, nimeshika baiskeli. Nikanyamaza.

Tangu hapo kila suruali yangu nampelekea yeye apunguze, hata zisizohitaji. Ndiyo toba niliyoibuni. Matokeo yake unayaona, mzee mzima naonyesha vifundo vya miguu. Na ile saa naitazama kila siku.

Nami sina haki ya kukushauri. Lakini tufanye biashara ya wanafiki wawili. Nenda kaweke K zako kabla ya Septemba. Ukiziweka, mimi nitakwenda kwa daktari wa macho, na nikiona njia vizuri nitakwenda mpaka kwa mshonaji. Usipoziweka, nitabaki na mvuke wangu na wewe ubaki na koti lako.

Naogopa, mpwa wangu. Kuliko nilivyowahi kuogopa mbwa.

Mjomba wako


Kituoni, 12 Oktoba

Mjomba wangu,

Shikamoo. Najua nimekuweka roho juu miezi mitatu. Kila wiki nilikuwa nataka kuandika, nikawa sijui niandike nini ambacho hakitabadilika kesho yake.

Tarehe nne Agosti niliingia kwa mkuu wa kituo. Hotuba nilikuwa nimeifanyia mazoezi siku mbili, ilikuwa na utangulizi. Nilipofika mlangoni utangulizi ukanitoroka, nikasema tu kwamba kamba ya nne nimeijaza mimi na nyota nimeziondoa mimi. Alikuwa anapanga kalamu zake. Akazipanga mpaka ya mwisho. Akauliza lini, nikamwambia. Akasema, "Kwa hiyo jedwali ni uongo wako, na jalada ni uongo wangu." Kisha akaomba nitoke, kwa adabu, na hiyo adabu ndiyo iliyoniliza kwenye korido mbele ya mfagizi, ambaye sasa ana hakika kabisa kuhusu uchumba.

Ripoti ikaondolewa. Septemba nikasimama mbele ya watu wazito, bila koti, nikasema tuna pengo la miezi kumi na minne na aliyelificha ni mimi. Mtu mmoja nyuma alicheka. Nikateremka. Uongozi wa safari nimevuliwa, amepewa mwenzangu ambaye mimi ndiye niliyemfundisha, na sasa ananituma nibebe makasha ya chupa za sampuli. Nabeba. Magoti yananung'unika lakini mimi sina usemi. Wanaotulipia meli wametupa mwaka mmoja wa kuangaliwa.

Sasa sikiliza. Huyo kiongozi mpya alipofungua jedwali lenye pengo, swali lake la kwanza lilikuwa kama kuna mtu aliyewahi kurudi kuitafuta hiyo kamba. Miaka miwili hakuna aliyeuliza, kwa sababu kwenye jedwali langu hakuna kilichopotea. Fundi wa winchi akanyoosha mkono kama mtoto wa shule. Tukaondoka wiki hiyohiyo.

Siku ya kwanza kulabu zilirudi tupu. Ya pili hivyohivyo. Bahari ikachafuka, safari hii kweli, na mimi nikawa mahututi. Fundi akaniletea ndoo mwenyewe, akaiweka miguuni pangu, akasema, "Safari hii tapika, lakini hatuondoki." Ndiyo hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kunitolea.

Siku ya tatu saa tano asubuhi winchi ikalia kwa uzito. Ikaja juu, Mjomba. Maboya mawili yamepondeka, ndoano imeliwa na kutu, ndiyo maana haikuachia. Vyombo vilikuwa vinane, vitano kumbukumbu zake nzima.

Tumevisoma. Mwezi wa tano hadi wa tisa wa ile miezi yangu, mkondo ulilegea karibu theluthi nzima. Kisha ukarudi, bila kutuambia kwa nini. Katika miaka yote kumi na miwili hatujawahi kuona jambo kubwa kama hilo, na hatujui kama litarudi, na likirudi kama litaondoka tena. Mimi mahali hapohapo nilikuwa nimechora mstari ulionyooka, mzuri, wa kupigiwa makofi. Niliutazama huo mstari nikakumbuka ukuta wa mshonaji, nikatoka nje kwenda kupunga upepo, na haukuwa ugonjwa wa bahari.

Namba za vile vitatu vilivyokufa nimezikadiria. Nimeweka K nyekundu, zote. Kiongozi wangu ameniuliza K ni nini, nikamwambia ni ya nyumbani kwetu.

Mwambie Mama najua anajua. Mjomba, zamu yako.

Mpwa wako


Nyumbani, 25 Novemba

Mpwa wangu,

Marahaba, na marahaba tena. Kabla hujaendelea chukua rula yako. Nasubiri.

Milimita nne. Nimeshapima, usijisumbue. Jicho moja limefanyiwa upasuaji, la pili ni Januari. Ni mtoto wa jicho, kumbe, jambo la asubuhi moja. Daktari aliniuliza ni tangu lini sioni vizuri. Nikafungua kinywa kumtajia mwaka, nikakifunga, nikamwambia sijui. Akaandika "hajui". Sijawahi kuwa na kumbukumbu safi kama hiyo ofisini kwa mtu.

Waliponifungua bandeji wa kwanza kumwona ni Mama yako. Amezeeka, mpwa wangu. Nikamwambia hajabadilika hata kidogo, akaniambia basi upasuaji haukufaulu. Barua yako ya Oktoba nilikwisha kusomewa, nikaisoma tena mwenyewe, na pale penye winchi nilisoma mara tatu. Mama yako amesema nikuandikie kwamba anakuonea fahari. Alisema huku amegeukia sufuria, lakini amesema.

Kisha nikaitazama saa. Imesimama saa nne na dakika ishirini. Betri ilikufa tangu mwaka juzi, Mama yako anasema, yeye alidhani najua. Na mimi kila siku nimekuwa nainua kichwa, naitazama, na kutangaza ni saa ngapi, na watu wanaondoka kwenda zao kwa saa niliyoikadiria.

Nikaishusha, nikaitia kwapani, nikaenda kwa mshonaji. Njia nzima nikisoma mabango ya maduka kwa sauti, nusu kwa furaha na nusu kwa kuchelewesha miguu. Nilimkuta kwenye cherehani. Nikasema yote nimesimama: geti, namba, wakaguzi, saa. Hakusimamisha cherehani. Alishona pindo mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno, ndipo akaniangalia.

"Nilikuwa nakuona," akasema. "Dirisha langu lilitazama geti lile. Kila mwezi ulikuwa unapita, hushuki kwenye baiskeli."

Nikamuuliza kwa nini hakusema kwa wakaguzi. Akasema alisema, wakamwambia daftari linasema vingine. Nikamuuliza kwa nini basi miaka yote hii anapokea suruali zangu.

"Nilikuwa nangoja uniambie," akasema. "Kila ulipoondoka bila kusema, iliyofuata niliikata zaidi kidogo."

Na mimi nilidhani ni mimi ninayezidi kurefuka. Nilicheka, mpwa wangu, kisha nikalia, mbele ya wateja wawili. Yeye hakucheka wala hakulia. Saa hakuitaka. Nilimwambia nitaandika kwa idara ya maji kwa jina langu, kwamba msingi wake ulikuwa mzima. Nimeshaandika, imekwenda Jumatatu. Nilipoiweka mezani nakala yake, aliisoma, akaikunja, akaitia kwenye droo ya vifungo, akaniambia ana kazi.

Mama yako nimeshamsimulia yote, na kila siku ananiuliza kama mshonaji amenisamehe. Nimemwambia sijui. Geti limefungwa, nami safari hii sikuandika namba yoyote. Nimegonga mara moja. Zimebaki mbili.

Mjomba wako